Kuchagua Gari Dogo la Kazi za Shamba

Haya ni maelezo yaliyotolewa na idara ya kilimo mbele ya wakulima wa maziwa na viazi katika siku ya wakulima. Yamechapishwa hapa kwa ajili ya wakaazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mvua ya masika ikishika, mkulima wa nyanda za juu hahitaji kuambiwa kinachofuata. Udongo mweusi unageuka kuwa uji. Gari la kukusanya maziwa linasimama kwenye lami na halishuki tena mpaka jua litoke. Mama aliyekama saa kumi na moja alfajiri anapakia mitungi kwenye boda boda, boda boda inakwama mteremkoni, na maziwa yanafika kwenye mtambo wa kupoza saa nne. Yanapimwa kwa alkoholi, yanakataliwa, yanarudishwa. Ndama wanashiba, watoto wanakunywa mala wiki nzima, na karo inangoja.

Kwa sababu hiyo swali moja limekuwa likiulizwa sana siku hizi na vikundi vya wakulima: je, tununue yale magari madogo ya shamba yanayoonekana katika baadhi ya mashamba makubwa na hifadhi za wanyama? Ni swali zuri, na pia ni swali la pesa nyingi. Liko kundi litakaloweka akiba ya miaka kadhaa hapo. Yuko mtu atakayepeleka hati ya shamba benki. Basi inafaa tulizungumze taratibu kabla muuzaji hajafika na karatasi zake za rangi.

Gari lenyewe ni lipi? Ni gari fupi la magurudumu manne, lenye viti viwili au vitatu vilivyo sambamba, usukani wa mviringo kama wa gari la kawaida, paa la vyuma vya kukinga watu likipinduka, na bodi ndogo nyuma ambayo mara nyingi huinuka kumwaga mzigo. Wauzaji huliita UTV, wengine bagi. Kampuni ya Kawasaki ilianza kuuza la kwake, Mule, mwaka wa 1988, nayo Kubota ikatoa RTV 900 ya dizeli mwaka wa 2004. Kampuni zinatajwa hapa ili watu waelewane, si kuzipigia debe. Lisichanganywe na ile pikipiki ya magurudumu manne ambayo mtu huipanda kama farasi. Hiyo haina paa wala mkanda, na imewalalia wakulima wengi sana duniani. Australia ilifika mahali pa kulazimisha kwamba kila pikipiki mpya ya aina hiyo ya kazi iuzwe ikiwa na chuma cha kukinga dereva, kuanzia Oktoba 2021.

Sasa, kosa linalofanyika mara nyingi ni kuanza na gari. Mtu analiona, analipenda, kisha anaenda nyumbani kulitafutia kazi. Kazi ndiyo itangulie. Kabla ya kumpigia muuzaji yeyote simu, mkulima au kikundi kichukue daftari na kuandika kwa wiki mbili, moja ya mvua na moja ya kiangazi: tumebeba nini, kilo ngapi, kutoka wapi hadi wapi, mara ngapi. Daftari hilo litasema mambo ambayo hakuna muuzaji atakayeyasema.

Chukua maziwa. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo moja na kidogo, kama kilo 1.03. Mitungi minne ya lita 50 ikijaa ni kilo 206, na bado hatujapima mitungi yenyewe. Chukua viazi. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 ziliweka gunia lisizidi kilo 50, kwa hivyo magunia kumi ni nusu tani kamili, ikiwa gunia hilo ni la sheria na si lile la kutanuliwa kwa nyavu juu. Pipa la maji la lita 200 ni kilo 200. Majani ya nepia mabichi huonekana mepesi kwa sababu ni mengi, lakini ni maji matupu. Yapime siku moja uone.

Halafu soma kibandiko cha gari. Ranger 570 ya Polaris, ambayo ni ya ukubwa wa kati, bodi yake ya nyuma imepewa pauni 500, yaani kilo 227. Hayo ni magunia manne ya viazi, basi. Ama mitungi minne ya maziwa, na hapo umeshafika kikomo. Mkulima akiiangalia ile bodi anaona nafasi ya magunia manane, na ni kweli yanaenea. Kuenea si kubebeka. Aina kubwa zaidi hupewa pauni 1,000 kwenye bodi, karibu kilo 454, na hata hapo magunia kumi yamezidi. Tena kuna kikomo cha pili ambacho watu hawakisomi: uzito wa jumla, ambao ndani yake wamo dereva, abiria, mafuta na kila kitu kilichofungiwa gari baada ya kununuliwa. Wanaume wawili wenye afya ni kilo 160. Tenki la dawa na pampu ni mzigo. Kioo cha mbele na milango ya chuma ni mzigo.

Gari hizi huvuta kuliko zinavyobeba. Ranger hiyo hiyo imepewa kuvuta kilo 680. Ila hiyo ni pamoja na uzito wa trela lenyewe, na trela letu la kuchomelewa jua kali kwa vyuma vizito linaweza kula sehemu kubwa ya hizo kilo kabla ya kiazi cha kwanza kuingia. Na kuna jambo la mteremko. Kupanda na trela ni kazi ya injini. Kushuka ni kazi ya breki, na trela nyingi hazina breki zake. Mzigo unalisukuma gari kutoka nyuma, matairi yanateleza kwenye tope, trela linajikunja kando. Palipo na mteremko mkali, punguza mzigo wa trela chini kabisa ya kile kilichoandikwa, bila kujali nguvu ya injini.

Tukizungumzia nguvu, iko hesabu ambayo watu wa huku juu lazima waifanye na watu wa Mombasa hawana haja nayo. Ol Kalou na Kinangop ziko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, sehemu nyingine zaidi sana. Hewa ni nyepesi. Injini ambayo haina turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Ukiwa mita 2,500, robo ya nguvu imebaki njiani. Gari linalouzwa kama la nguvu za farasi 44 litafanya kazi kama la 33, na lile la dizeli la nguvu 24 litafanya kama la 18. Halina kasoro, ndivyo hewa ilivyo. Lakini ukinunua lililotosha kwa karatasi, hapa halitatosha.

Pesa sasa. Nchini Marekani, ambako magari haya yanauzwa kwa wingi, la kawaida la kazi linaanzia zaidi ya dola 10,000, na ya dizeli yako juu zaidi. Likifika Mombasa kuna usafiri, ushuru wa forodha, ada ya kutangaza bidhaa, tozo la reli, VAT ya asilimia 16, kisha faida ya muuzaji. Mtu asikadirie kwa kuangalia bei ya ng'ambo. Aombe bei ya mwisho, gari likiwa mlangoni pake, kwa maandishi.

Tufanye mfano. Tuseme gari limefika shambani kwa shilingi 2,400,000, na litafanya kazi miaka minane kabla ya kuchoka. Hiyo ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Likifanya kazi siku 300 kwa mwaka, kila siku linakula shilingi 1,000, likiwa limeegeshwa bado halijawashwa. Hapo hakuna mafuta, hakuna tairi, hakuna fundi, hakuna bima, na riba ya mkopo haimo. Mkulima anayepeleka lita 200 kwa siku amejitwisha shilingi tano kwa kila lita. Faida ya lita moja ya maziwa ni shilingi ngapi? Kila mmoja aliye hapa anajua jibu lake, na kwa wengi hizo tano zinatosha kumaliza yote. Kikundi kinachokusanya lita 1,000 kwa siku kimejitwisha shilingi moja kwa lita, hata kama gari litazunguka mara tano kuzibeba. Hapo mazungumzo yanaweza kuendelea.

Kwa hivyo, kusema wazi, mkulima mmoja mwenye ekari mbili au tatu na ng'ombe wanne hana sababu ya kununua gari hili. Kuna njia nyingine, na zisidharauliwe.

Punda na mkokoteni bado ndiye mfanyakazi wa bei nafuu zaidi kwenye tope, na hata akilisha kwa muda mrefu hadai mafuta. Shida yake ni mwendo, na wizi. Tuktuk ya mizigo imetengenezwa kubeba karibu nusu tani, spea zake ziko kila soko na kila fundi anaijua. Kwenye lami na changarawe ngumu inafanya kazi nzuri kwa sehemu ndogo ya bei. Lakini inavutwa na magurudumu ya nyuma tu, ni nyembamba, na ina gurudumu moja mbele. Ikipakiwa juu na kukatwa kona mteremkoni, inalala. Kwa barabara mbaya kabisa haifai, na kusema inafaa ni kudanganya watu. Trekta ndogo ya kusukuma kwa mkono, ile ya magurudumu mawili, ikifungiwa trela huenda polepole sana lakini inapita, na siku ya kulima inalima, kazi ambayo gari dogo la shamba haliifanyi vizuri. Pikapu ya mtumba yenye kuvuta magurudumu manne hubeba mara mbili ya hayo yote na inaenda hadi Nairobi. Wengi wakishapiga hesabu ndiko wanakoishia.

Probox nayo tusiisahau, maana mtu ataitaja. Kwa karatasi za Japani hubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili. Yale yanayobebwa nayo huku kwetu tuyaachie trafiki.

Basi gari dogo la shamba ni la nani? Ni la pale ambapo daftari linaonyesha mizigo mingi midogo, ya kilo 100 hadi 400, kila siku, kwa umbali mfupi, mahali ambapo hakuna njia ya gari la kawaida: ndani ya shamba kubwa la chai, kati ya zizi na malisho, kutoka vituo vya kukusanyia maziwa hadi barabarani, kukagua ua wa umeme, kupeleka fundi na vifaa vyake kwenye pampu ya maji. Linapita pembamba kwa sababu mengi yana upana wa karibu mita moja na nusu. Pima lango lako na daraja la mbao la mtoni. Na daraja lipimwe kwa uzito pia: gari lenyewe tupu huwa kati ya kilo 500 na 800 hivi, kisha uongeze mzigo na watu.

Kama daftari limesema ndiyo, yafuatayo ndiyo ya kuangalia kwa makini.

La kwanza ni namna nguvu zinavyofika kwenye magurudumu. Mengi ya petroli hutumia mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili, na gia hujibadilisha zenyewe. Ni rahisi kuendesha, hata mtu asiyejua klachi anaweza. Lakini mkanda huo ndio roho yake. Unaungua mzigo mzito ukivutwa polepole kwa gia ya mwendo wa kasi, na maji yakiingia kwenye kasha lake unateleza. Kila dereva afundishwe siku ya kwanza: mzigo mzito, kilima au tope, weka gia ya chini kabla ya kuondoka, si baada ya kukwama. Aina nyingine, hasa za dizeli kama RTV, hutumia mafuta ya haidroli badala ya mkanda. Hizo ni za mwendo mdogo na kelele zaidi, na bei yake ni kubwa, ila kwa kuvuta siku nzima mteremkoni zinavumilia, na ukiondoa mguu kwenye mafuta gari linajizuia lenyewe. Kwa kazi ya maziwa katika barabara za milima, hilo la pili lina thamani kuliko kasi yoyote.

Kasi yenyewe ni kitu cha kuogopa. Gari la kazi likipita kilomita 40 kwa saa linatosha kabisa. Aina zinazotangazwa kwa kuruka vilima vya mchanga zimetengenezewa michezo. Tairi zake, springi zake na bodi yake ndogo vyote vinasema hivyo.

Angalia kama difu ya nyuma inafungika, ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja kwenye tope, na kama inafunguka tena kwenye ardhi ngumu. Ikibaki imefungwa wakati wote, kona zinakuwa nzito na tairi zinaisha. Uliza chujio la hewa liko juu kiasi gani, kwa sababu Januari na Februari vumbi ni adui kama tope lilivyo Aprili.

La pili ni spea, na kuna jaribio rahisi. Nenda kwa muuzaji ukaulize vitu vitatu: mkanda wa gia, chujio la hewa na pedi za breki za gari lile unalolitaka. Usinunue, uliza tu. Kama viko kwenye rafu, andika bei. Kama atasema vinaagizwa, uliza huchukua wiki ngapi na omba akuonyeshe mteja aliyewahi kuagiza. Maziwa hayangoji wiki sita. Fundi wa tuktuk anaweza kubadilisha mkanda akifundishwa, lakini mfumo wa mafuta wa kompyuta hauwezi bila kifaa cha kuusoma, basi ulizia hicho kifaa kiko mji gani.

Tulizungumze sasa la watu kufa, kwa sababu linapitwa haraka mno katika maonyesho ya biashara.

Machi 2009, kampuni ya Yamaha ilisimamisha uuzaji wa aina tatu za gari lake la Rhino nchini Marekani na kutoa matengenezo ya bure kwa yaliyokwisha kuuzwa. Tume ya usalama wa bidhaa ya nchi hiyo ilikuwa imechunguza matukio zaidi ya 50 yaliyohusu magari hayo, na ndani yake vifo 46 vya madereva na abiria. Zaidi ya thuluthi mbili za matukio yalikuwa ya kupinduka. Na hili ndilo la kuwekwa akilini: mengi ya kupinduka huko yalionekana kutokea gari likikata kona kwa mwendo mdogo, mahali tambarare. Wengi hawakuwa wamefunga mikanda. Matengenezo yaliyofanywa yalikuwa kupanua nafasi kati ya magurudumu ya nyuma na kuondoa chuma kimoja cha kusawazisha. Milango na vishikio vya mikono navyo viliongezwa.

Kwa nini tambarare? Kwa sababu gari hili liko juu na ni jembamba. Likiinama, mtu kwa silika hutoa mkono au mguu nje alizuie lisianguke. Gari la kilo 700 halizuiwi kwa mguu. Paa la vyuma hulinda yule tu aliyebaki ndani yake, na kinachombakisha ndani ni mkanda. Asiyefunga mkanda anatupwa nje, na mara nyingi ni paa lile lile linalomwangukia.

Sasa fikiria desturi zetu. Gari la maziwa likipita, watoto wa shule wanadandia. Vibarua watano wanakaa juu ya magunia. Mzee anaombwa asaidiwe hadi sokoni na ni aibu kumkatalia. Uzito wote huo umekaa juu na nyuma, na watu hao hawana pa kushika. Watengenezaji wanaandika kwenye kibandiko kwamba hakuna mtu wa kupanda bodi ya nyuma, kwamba dereva awe na umri wa miaka 16 au zaidi, na kwamba abiria awe na uwezo wa kuegemea kiti huku miguu ikigusa sakafu na mkono ukifika kwenye kishikio. Mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hapandi. Huo ni mpimo ambao hata bibi nyumbani anaweza kuutumia. Kikundi kikinunua gari, kanuni hii iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na dereva apewe ruhusa ya kumkatalia mwenyekiti mwenyewe.

Tenki la maji au dawa lina hatari yake. Likiwa nusu, maji yanakimbilia upande gari linakoinamia na kuongeza uzito huko huko. Jaza kabisa au mwaga kabisa, au nunua tenki lenye kuta ndani.

Upande wa sheria. Watengenezaji wa magari haya huandika kwamba ni ya nje ya barabara. Nasi tunasema ni la shamba. Lakini njia ya kutoka kwa boma la mtu hadi mtambo wa kupoza, hata kama ni tope tupu na haijawahi kuona katapila, ni barabara ya umma. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka chombo cha moto kilicho barabarani kiwe kimesajiliwa na dereva awe na leseni ya daraja linalofaa. Kwa tuktuk, kwa mfano, daraja hilo ni A3. Sura ya 405 inataka bima ya mtu wa tatu. Tena magari mengi ya namna hii yametengenezwa usukani ukiwa kushoto, na Kenya kwa kawaida haisajili gari la usukani wa kushoto. Kabla ya kulipa hata amana, mnunuzi aandikie NTSA akitaja aina na mwaka wa gari, aulize kama litasajiliwa, na asubiri jibu la maandishi. Kama ni la mtumba kutoka nje, aulize KEBS kuhusu kikomo cha miaka minane. Muuzaji akisema hayo yote atayashughulikia yeye, sentensi hiyo iingizwe kwenye mkataba pamoja na siku ya kurudisha pesa yakishindikana.

Kama jibu ni kwamba halisajiliki, bado linaweza kuwa na kazi ndani ya shamba moja kubwa. Kwa kikundi ambacho wanachama wake wametenganishwa na barabara, biashara hiyo imeishia hapo, na ni heri iishie kabla ya pesa kutoka.

Vikundi vina jambo lao jingine. Gari la watu wote huharibika upesi kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake ameangalia mafuta. Awepo dereva mmoja na wa akiba mmoja, wote wanaolipwa. Gari hizi zina mita ya saa za injini, na huduma hufuata saa hizo, si kilomita. Zisomwe kila jioni na kuandikwa karibu na lita zilizobebwa. Hati za gari ziwe kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, si kwa jina la mweka hazina kwa sababu ndiye mwenye PIN ya KRA inayofanya kazi. Na kila lita itoe senti zake za matengenezo kuanzia siku ya kwanza, wakati gari bado linang'aa na hakuna anayeona haja.

Anayetaka kukodisha badala ya kununua aulize kwanza kwenye kituo cha AMS. Vituo hivyo vya zana za kilimo vilihamishiwa serikali za kaunti baada ya ugatuzi, na trekta yenye trela kwa siku tano za kuvuna viazi inaweza kumaliza shida ambayo mtu alitaka kuitatua kwa mkopo wa miaka mitano.

Mwisho, kwa wale watakaoangalia lililotumika. Inua bodi ya nyuma utazame fremu chini yake, mahali palipochomelewa. Nyufa huanzia hapo gari likizoea kubeba kupita kiasi. Fungua kasha la mkanda, na ukikuta tope kavu ndani, gari hilo limewahi kuogelea. Tazama mipira ya ekseli kama imepasuka. Vuta kila mkanda wa usalama uone unarudi. Kisha omba kuliendesha likiwa na mzigo wako: siku ya mvua, kwenye barabara ile ile ya kwenda mtamboni, mitungi minne ikiwa imejazwa maji.